Tuzo ya Oman na kisa cha choroa mweupe

Muscat

Mwaka 1989 Sultan Qaboos wa Oman alianzisha, kupitia shirika la UNESCO, tuzo yenye jina lake ya kuwaenzi wahifadhi wa mazingira duniani. Ilianza kutolewa mwaka 1991, kila baada ya miaka miwili.

Ila mpenzi msikilizaji, tuzo hiyo haitajwi pasipo kumkumbuka choroa mweupe wa Arabuni. Mwaka 1962 Meja Ian Grimwood, mkuu wa wahifadhi wanyamapori nchini Kenya, aliongoza msafara uliowakamata choroa wachache katika himaya ya Aden. Walipelekwa Isiolo, kisha Phoenix, Marekani, ambako walizaliana pamoja na wengine.

Porini, wa mwisho waliangamizwa nchini Oman mwaka 1972. Miaka 10 baadaye, choroa wa kizazi kile cha Marekani waliachiwa katika jangwa la Jiddat al-Harasis, chini ya ulinzi wa Waharasis wenyewe.

Mwaka 1994 UNESCO iliitangaza hifadhi hiyo kuwa Urithi wa Dunia, na kufikia 1996 choroa walikuwa 450. Ndipo ujangili ukarejea. Mwaka 2007 walisalia 65. Serikali ilipoamua kuipunguza hifadhi kwa asilimia 90, UNESCO iliifuta katika orodha. Ya kwanza kufutwa katika historia.

Shirika moja, taifa moja: tuzo kwa mkono huu, hukumu kwa mkono ule. Wahenga walisema, kuzaa si kazi, kazi ni kulea.