Wanawake wa Rwanda Baada ya Mwaka 1994

Zamani, kwa mila za Rwanda, ardhi ya baba ilirithiwa na wana wa kiume. Binti alikwenda kulima kwa mumewe, na akifiwa alikaa katika shamba la marehemu kwa ridhaa ya ndugu zake mume. Sheria ya jamaa ya mwaka 1992 nayo ilimtaja mume kuwa ndiye mkuu wa nyumba.

Ikaja Aprili 1994. Kwa muda wa siku 100 hivi waliuawa watu wapatao 800,000, wengi wao Watutsi, na wako wahesabuo hata milioni. Wanawake hawakusalimika, waliuawa, na wengi mno walinajisiwa kwa makusudi ya kuwaangamiza. Julai ilipofika, wanaume wengi walikuwa wamekufa au wamekimbia, na wengine wakatiwa gerezani. Nani azike, nani alee mayatima, nani alime? Mzigo huo uliwaangukia wanawake kabla sheria haijawapa haki ya kuuchukua. Januari 1995 wajane 50 waliunda chama cha AVEGA ili wasaidiane.

Huko Arusha, mbele ya mahakama ya kimataifa, wanawake waliyatamka waliyotendewa, nalo si jambo jepesi. Kwa ushahidi wao, hukumu ya Akayesu ya tarehe 2 Septemba 1998 ilikuwa ya kwanza duniani kutamka kwamba kunajisi kwaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Wala isidhaniwe kwamba wanawake wote walikuwa wenye kudhulumiwa: Pauline Nyiramasuhuko, aliyekuwa waziri wa mambo ya wanawake, alitiwa hatiani na mahakama hiyo hiyo mwaka 2011.

Sheria ya Novemba 1999 ilimpa binti haki ya kurithi sawa na nduguye. Katiba ya 2003 ikaamuru wanawake wasipungue asilimia 30 katika vyombo vya maamuzi, na katika uchaguzi wa 2008 walipata viti 45 kati ya 80 vya Baraza la Wabunge, 24 kati yake vikiwa vimetengwa kwa ajili yao. Halijapata kuwako kabla ya hapo bunge lenye wanawake wengi kuliko wanaume.

Lakini haki hizo hazikumfikia kila mjane. Katiba yaitambua ndoa ya mke mmoja tu, tena iliyofungwa mbele ya serikali. Aliyeolewa kwa nikahi pasipo kuandikishwa, au aliyekuwa mke wa pili, alipofiwa hakuwa na cheti cha kuwaonyesha mashemeji waliokuja kulidai shamba.