Upasuaji wa kupunguza unene: Maandalizi kabla ya kisu na maisha baada yake

UPASUAJI wa kupunguza unene huchukua saa chache tu, lakini masharti yake humwandama mgonjwa maisha yake yote. Anayeuendea akidhani kwamba daktari atamwondolea unene kama anavyong'oa jino bovu huenda akajuta. Anayejiandaa ipasavyo huweza kupata nafuu kubwa ya kisukari, shinikizo la damu, maumivu ya magoti na maradhi mengine yanayoambatana na uzani wa kupindukia.

Suala hili linawagusa Wakenya wengi kuliko ilivyokuwa zamani. Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya wa 2008-2009 ulionyesha kwamba asilimia 25 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzani uliozidi kiasi. Utafiti kama huo ulipofanywa tena mwaka wa 2014, kiwango hicho kilikuwa kimefika asilimia 33.

Hata hivyo, si kila mtu mnene anayehitaji kupasuliwa.

Nani anastahili?

Madaktari huanza kwa kipimo kijulikanacho kama BMI. Uzani wa mtu kwa kilo hugawanywa kwa kimo chake cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Kwa mfano, mtu wa kilo 110 mwenye kimo cha mita 1.65 ana BMI ya takriban 40. Kuanzia 30 kwenda juu, mtu huhesabiwa kuwa na unene wa kupindukia.

Mwaka wa 1991, wataalamu waliokutanishwa na taasisi za afya za NIH nchini Marekani walipendekeza upasuaji kwa wenye BMI ya 40 au zaidi, ama 35 iwapo tayari wana maradhi yanayosababishwa na unene. Mwongozo huo ulidumu kwa takriban miaka 30. Mnamo 2022, vyama vya madaktari wa upasuaji huu, ASMBS na IFSO, viliulegeza: wenye BMI ya 35 wanaweza kupasuliwa hata kama hawana maradhi mengine, na wenye kisukari cha aina ya pili wanaweza kufikiriwa kuanzia 30.

Upasuaji huu usichanganywe na ule wa urembo wa kufyonza mafuta tumboni au mapajani. Kufyonza mafuta hubadilisha umbo tu. Hakugusi njia ya chakula, wala si tiba ya kisukari.

Kinachofanywa

Aina mbili ndizo zinazofanywa kwa wingi duniani. Katika ya kwanza, daktari hukata na kuondoa takriban asilimia 80 ya mfuko wa chakula na kubakisha sehemu nyembamba mithili ya ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo hutoa kwa wingi homoni ya kuchochea njaa, na kwa hivyo mgonjwa hushiba upesi na hamu yake ya kula hupungua. Kilichokatwa hakirudishwi.

Katika aina ya pili, mfuko mdogo wa takriban mililita 30, yaani kama vijiko viwili vya mezani, hutengwa juu ya mfuko wa chakula na kuunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Chakula huruka sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo. Njia hii ilianzishwa na madaktari Edward Mason na Chikashi Ito wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, katika miaka ya 1960, baada ya kubainika kwamba wagonjwa waliokatwa sehemu ya mfuko wa chakula kwa sababu ya vidonda vya tumbo walikuwa wakikonda.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa aghalabu kupitia matundu madogo tumboni kwa msaada wa kamera, mgonjwa akiwa amelazwa kwa nusukaputi. Katika mwaka mmoja hadi miwili ya mwanzo, wengi hupoteza kati ya asilimia 25 na 30 ya uzani wao. Aliyeanza na kilo 120 huweza kupungua kwa kilo 30 hadi 36.

Kabla ya kisu

Maandalizi huchukua wiki kadhaa au hata miezi. Mgonjwa hupimwa damu, moyo, kisukari na ini. Anayekoroma sana na kukatikiwa na pumzi usingizini hana budi kusema, kwani hali hiyo huongeza hatari ya nusukaputi. Vilevile, kamera hupitishwa kooni kukagua mfuko wa chakula, na bakteria za H. pylori zikipatikana hutibiwa kwanza.

Mgonjwa anapaswa kutaja dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba na sindano za kupunguza uzani kama vile semaglutide. Sindano hizo huchelewesha chakula kutoka tumboni, jambo linaloweza kuleta hatari mgonjwa anapolazwa usingizi. Mvutaji sigara hutakiwa kuacha angalau wiki sita kabla, maana moshi huchelewesha kupona kwa kidonda na huchangia damu kuganda.

Katika wiki mbili za mwisho, wagonjwa wengi huwekwa kwenye lishe yenye wanga na mafuta kidogo mno. Lengo ni kunywesha ini, ambalo kwa watu wanene huwa limevimba kwa mafuta na kumziba daktari asione mfuko wa chakula ulio nyuma yake. Anayefanya karamu ya kuagana na chakula usiku wa mwisho hujihatarisha mwenyewe.

Maandalizi ya nafsi nayo si ya kupuuzwa. Mtu aliyezoea kula anapokuwa na huzuni au hasira atakuta huzuni ingali pale baada ya upasuaji, ilhali kitulizo chake hakipo. Ndiyo maana mshauri wa kisaikolojia na mtaalamu wa lishe huwa sehemu ya kikosi cha matibabu.

Mgonjwa ana haki ya kuuliza maswali mazito. Je, daktari na hospitali wamesajiliwa na baraza la KMPDC? Daktari amefanya upasuaji wa aina hii mara ngapi? Tatizo likizuka saa nane za usiku, nani atapigiwa simu? Kwa wanaosafiri ng'ambo kutafuta huduma hii, swali kuu ni nani atakayewafuatilia wakisharudi nyumbani.

Hatari zilizopo

Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka wa 2009 ukihusisha wagonjwa 4,776 ulionyesha kwamba takriban watatu kati ya kila 1,000 walifariki katika siku 30 za kwanza. Hatari hiyo ni ndogo, lakini ipo. Mshono unaweza kuvuja, damu inaweza kutoka kwa wingi, au bonge la damu likaganda mguuni na kusafiri hadi mapafuni. Kwa sababu hiyo, mgonjwa huhimizwa kusimama na kutembea mapema iwezekanavyo.

Moyo kwenda mbio, homa, maumivu makali ya tumbo, kukosa pumzi, mguu mmoja kuvimba au kinyesi cheusi ni dalili za kumrudisha mgonjwa hospitalini bila kungoja asubuhi. Anayetapika kila anachomeza asikae nyumbani akitumaini hali itatulia. Kutapika kwa muda mrefu humaliza vitamini B1 mwilini na kunaweza kudhuru ubongo.

Sahani mpya

Siku za kwanza huwa za maji na supu iliyochujwa. Hufuata vinywaji vizito kama maziwa na uji mwepesi usio na sukari, kisha vyakula vilivyopondwa, halafu vilaini kama mayai na samaki asiye na miba. Wengi hurejea vyakula vya kawaida baada ya wiki sita hadi nane, ila kwa kipimo kidogo mno.

Protini hutangulia katika kila mlo, na kiasi cha gramu 60 hadi 80 kwa siku ndicho hupendekezwa. Vyakula vya hapa nchini vinatosha: mayai, samaki, kuku, maziwa lala, maharagwe na ndengu zilizopondwa. Ugali, wali, chapati na mkate hujaza nafasi ndogo iliyopo kabla ya protini kuingia, na huweza kukwama. Nyama choma ngumu ni mtihani kwa miezi mingi.

Kila tonge hutafunwa hadi lilainike kabisa. Maji hayanywewi pamoja na chakula. Mgonjwa husubiri takriban nusu saa baada ya kula, kisha hunywa kidogo kidogo hadi atimize angalau lita moja na nusu kwa siku. Soda huepukwa. Vitu vitamu, hasa kwa aliyeunganishwa utumbo, huweza kumiminika utumboni kwa kasi na kumletea jasho, kizunguzungu, moyo kudunda na kuharisha.

Masharti ya kudumu

Kwa kuwa mwili sasa hupokea chakula kidogo na wakati mwingine haukifyonzi vyema, tembe za vitamini na madini huwa za maisha. Muhimu zaidi ni vitamini B12, vitamini D, madini ya chuma, foliki na kalisiamu. Tembe za chuma na za kalisiamu hupishana kwa saa mbili au zaidi, na za chuma zisimezwe kwa chai, maana chai huzuia chuma kufyonzwa. Anayeziacha kwa kuwa anajihisi mzima huweza kupata upungufu wa damu na ganzi ya miguu miaka kadhaa baadaye. Damu hupimwa mara kwa mara katika mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka. Gharama hizi zapaswa kuingizwa kwenye hesabu mapema, si ile ya hospitali pekee.

Dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen, ambazo hununuliwa madukani kama peremende, huweza kuleta vidonda tumboni na hazifai hasa kwa aliyeunganishwa utumbo. Pombe nayo humlevya mtu upesi zaidi kuliko zamani, na baadhi ya wagonjwa wamejikuta wakihamisha uraibu kutoka sahani hadi glasi.

Wanawake hushauriwa kutoshika mimba kwa miezi 12 hadi 18. Ikumbukwe kwamba uzani unapopungua uwezo wa kupata mimba huongezeka, na vidonge vya kupanga uzazi huenda visifanye kazi ipasavyo. Waislamu wanaokusudia kufunga Ramadhani, hasa katika mwaka wa kwanza, hushauriwa kuzungumza na daktari kwanza, kwa kuwa ni vigumu kufidia maji ya mchana kutwa kwa mfuko mdogo.

Nywele hukatika kwa wengi kati ya mwezi wa tatu na wa sita, lakini aghalabu huota tena. Ngozi hulegea. Vijiwe vya nyongo navyo huweza kujitokeza kwa sababu ya kukonda kwa kasi.

Macho ya watu

Kuna jambo jingine ambalo daktari hawezi kulishona. Katika jamii nyingi za Kenya, unene ungali ishara ya neema, ilhali kukonda kwa ghafla huzua minong'ono ya ugonjwa, tabia iliyokita mizizi wakati Ukimwi ulipokuwa ukiteketeza watu katika miaka ya 1990. Mgeni anayebakisha chakula huonekana mwenye maringo. Mgonjwa na jamaa zake wa karibu wanapaswa kukubaliana mapema watakachosema na namna ya kupakua, ili mezani pasiwe uwanja wa mabishano.

Utafiti wa muda mrefu ulioanza nchini Uswidi mwaka wa 1987 ulionyesha, katika matokeo yaliyotolewa 2007, kwamba waliopasuliwa walifariki kwa kiwango cha chini kuliko wanene wenzao ambao hawakupasuliwa. Utafiti uo huo ulionyesha pia kwamba wengi walirejesha sehemu ya uzani uliopotea kadiri miaka ilivyosonga. Aidha, kisukari kilichotulia kinaweza kurudi.

Kilo chache zikirejea, si sababu ya kuona haya na kuikwepa kliniki. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mgonjwa anayerudi mapema husaidiwa kwa ushauri wa lishe, mazoezi au dawa. Mfuko mdogo hupunguza njaa, lakini haumchagulii mtu chakula, haummezeshi tembe wala haumpeleki kliniki. Hayo atayafanya mwenyewe, kila siku.