Husuni Kubwa ya Kilwa

Juu ya genge linaloikabili bahari, upande wa mashariki wa mji wa kale wa Kilwa Kisiwani, yamesimama magofu yaitwayo Husuni Kubwa. Husuni ni neno lililotoka katika Kiarabu, na maana yake ni ngome. Lakini jina hilo halilingani na jengo lenyewe, kwani mpango wake si wa watu waliotazamia kuzingirwa na adui. Ni mpango wa mfalme tajiri aliyependa kupokea wageni na kuhifadhi bidhaa.

Mfalme huyo ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa ukoo wa Mahdali, aliyetawala katika miaka ya 1310 hadi 1333 hivi. Jina lake limeonekana katika jiwe la maandishi lililopatikana mahali hapo, na ufukuzi wa Neville Chittick katika miaka ya 1960 ndio ulioudhihirisha mpango wa jumba zima. Lina vyumba zaidi ya 100. Kusini upo ua mpana uliozungukwa na vyumba ambavyo, kwa dalili zote, vilikuwa ghala. Kaskazini ni makao ya Sultani, yenye baraza ya ngazi za mawe, na birika ya kuogea yenye pembe nane, na mwisho kabisa ngazi za kuteremkia pwani.

Ujenzi wake wastahili kuangaliwa. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya kuni. Dari za mwambao zilibebwa na boriti za mikoko, ambazo haziwezi kuvuka nafasi kubwa. Ndiyo sababu vyumba vya Waswahili wa kale ni virefu na vyembamba. Mafundi wa Husuni Kubwa hawakuridhika na mpaka huo, wakajenga pia kuba na matao.

Mali ya kazi hiyo ilitoka hasa katika dhahabu ya Sofala, iliyopita mikononi mwa Kilwa. Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, alimsifu Sultani kwa ukarimu uliompatia lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Jambo la ajabu ni kwamba msafiri huyo alisema habari za nyumba za miti, asilitaje jumba hili hata kwa neno moja. Pengine alikaa mjini tu. Pengine mafundi walikuwa wangali kazini. Hakika ni kwamba jengo halikumalizika, wala halikukaliwa muda mrefu. Al-Hasan alirithiwa na nduguye Daud, ambaye Ibn Battuta amsema kuwa kinyume chake katika utoaji, na si vigumu kufikiri kwamba mtu wa namna hiyo hakuona haja ya kuendelea kulipa waashi.

Ngome ya kweli ilikuja baadaye, na ililetwa na adui. Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuteka mji, wakajenga boma lao ufuoni, wakaliacha mwaka 1512. Gereza linaloonekana leo karibu na gati, kazi ya zama za Waomani, limesimama mahali pa boma hilo.