Binti Aliyeanguka na Mke Aliyeokoka

Hadithi ihamapo kutoka kitabuni kwenda katika sinema hutozwa ushuru njiani. Watu wengi huukadiria ushuru huo kwa idadi ya kurasa zilizoachwa, na mizani hiyo haina haki, kwa kuwa riwaya nzima haiwezi kuenea katika picha ya saa mbili. Mwanahistoria ana swali jingine la kuuliza: ni nani alikuwa na hatia kitabuni, na ni nani anayo katika picha? Nitalipima swali hilo kwa kisa kimoja cha Marekani kijulikanacho duniani kote.

Mwaka 1966 mtunzi Roderick Thorp alitoa riwaya ya upelelezi iitwayo The Detective, na mwaka 1968 ikafanywa sinema, Frank Sinatra akishika nafasi ya mpelelezi Joe Leland. Mwaka 1979 Thorp aliiendeleza kwa riwaya ya pili, Nothing Lasts Forever, maana yake hakuna kidumucho milele. Humo Leland ni mzee mstaafu. Mkesha wa Krismasi awasili Los Angeles kumwona bintiye Stephanie, ambaye ni mtu wa cheo katika kampuni ya mafuta iitwayo Klaxon. Usiku huo kundi lenye silaha, likiongozwa na Mjerumani Anton Gruber, lateka jengo la kampuni. Kundi hilo lataka kufichua biashara ya siri baina ya Klaxon na serikali ya kijeshi ya Chile, ile iliyompindua Rais Salvador Allende mwaka 1973, na kuzitupa nje fedha zilizotokana nayo.

Leland awaua maadui mmoja baada ya mwingine. Lakini kadiri apandavyo na kushuka katika jengo lile ndivyo aonavyo kwamba bintiye mwenyewe alikuwa na mkono katika biashara hiyo. Mwisho Gruber aanguka kutoka juu akamburuta Stephanie pamoja naye. Ndipo mzee azitupapo fedha dirishani kwa mikono yake. Amewashinda maadui, kisha amelitekeleza kusudi lao, na mtoto hana.

Sinema ilitoka Julai 1988 kwa jina la Die Hard, ikiongozwa na John McTiernan na kuandikwa na Jeb Stuart na Steven E. de Souza. Sinatra, aliyekuwa amepita umri wa miaka 70, alipewa nafasi kwanza kwa sababu ya mkataba wa zamani, akakataa. Nafasi ikamwangukia Bruce Willis, aliyejulikana zaidi kwa mchezo wa kuchekesha wa televisheni. Hapo mzee akawa polisi wa makamo, John McClane. Binti akawa mke, Holly. Klaxon ikawa Nakatomi, kampuni ya Kijapani, katika miaka ambayo fedha za Japani zilikuwa zikinunua majumba makubwa ya Marekani. Nao wapiganaji wakawa wezi wa hati za fedha zenye thamani ya dola milioni 640. Gruber wa sinema, aliyechezwa na Alan Rickman, adai wafungwa wa kisiasa waachiliwe, lakini dai hilo ni hila ya kuwapumbaza polisi. Chile imetoweka. Mwizi aanguka peke yake, na mke aokoka.

Tazama sasa kilichobaki. Mguu mtupu juu ya vioo vilivyovunjika, kutambaa katika mirija ya hewa, baruti katika shimo la lifti, kuruka kutoka darini kwa mpira wa zimamoto, mazungumzo ya simu ya upepo na polisi Al Powell: yote hayo yalikuwamo kitabuni. Vitendo vilihifadhiwa kwa uaminifu. Kilichobadilishwa ni sababu ya vitendo.

Haitakuwa insafu kuidharau picha hiyo. McTiernan alisema wazi kwamba hakutaka ukali wa magaidi, alitaka furaha. Tena alimpa mtazamaji shujaa mwenye kuogopa, kutoka damu na kuungama makosa yake ya ndoa, jambo lililokuwa adimu katika picha za mapigano za wakati ule. Mwaka 2017 iliingizwa katika hazina ya taifa ya filamu ya Marekani, na ilistahili.

Walakini furaha hiyo ilikuwa na bei. Msomaji wa mwaka 1979 aliambiwa kwamba uovu unaweza kuwa umekaa mezani pa mwanawe mpendwa. Mtazamaji wa mwaka 1988 alirudi nyumbani na moyo mweupe, kwani uovu ulikuja na wageni ukafa nao. Na majira yenyewe yana neno: Augusto Pinochet alikuwa angali akitawala Chile picha ilipotoka, na tarehe 5 Oktoba mwaka ule ule wananchi wake walipiga kura ya kumkataa. Swali la riwaya lilikuwa hai, ila lilikuwa limekwisha kuondolewa hadithini.

Kwa hiyo asomaye historia katika sinema asiridhike na kutazama nani ameshinda. Na akitafute kitabu, aone ni nani aliyeondolewa lawama.