Joto ambalo kipimajoto hakikuliona

Desemba 1761, katika Chuo Kikuu cha Glasgow huko Uskoti, mhadhiri wa tiba na kemia aitwaye Joseph Black alining'iniza chupa mbili za duara, za kioo chembamba, katika ukumbi mkubwa mtupu. Zilitoshana kwa ukubwa na kwa uzito wa maji yaliyokuwa ndani. Ila maji ya chupa moja yalikuwa yamekwisha kuganda kuwa barafu, na ya nyingine yalikuwa ya baridi kali, digrii 33 za Fahrenheit, digrii moja tu juu ya kiwango cha kuganda. Hewa ya ukumbini ilikuwa digrii 47, kama 8 za Selsiasi. Iliyobaki ilikuwa kazi ya kusubiri.

Nusu saa ilipopita, maji yalikuwa yamefika digrii 40. Barafu ilichukua saa kumi na nusu kuyeyuka na maji yake nayo kufika hapo. Black akapiga hesabu. Chupa zote mbili zilikaa katika hewa ileile, kwa hiyo kila nusu saa barafu ilikuwa ikipokea joto karibu sawa na lile lililoyapandisha maji digrii 7. Nusu saa 21 mara 7 ni 147. Kati ya hizo, 8 zilitumika kuyapasha maji baada ya barafu kuisha. Zilizobaki, karibu 140, ziliingia ndani ya barafu bila zebaki ya kipimajoto kusogea. Vipimo vya leo vinatoa 144. Kwa mtu mwenye chupa mbili na subira, huo ni usahihi wa kustaajabisha.

Wasomi wa wakati wake waliamini kwamba barafu iliyofika kiwango cha kuyeyuka inahitaji joto kidogo tu la ziada ili yote iwe maji. Black aliwaelekeza kwenye theluji ya milimani: kama ingekuwa hivyo, ingeyeyuka kwa mkupuo siku ya kwanza ya joto, na mafuriko yangefagia mabonde kila mwaka. Theluji huchukua wiki nyingi kuisha kwa sababu inadai joto jingi, na inalimeza lote bila kupanda digrii hata moja. Joto hilo Black aliliita joto fiche.

Kosa la wasomi hao lilitokana na ubora wa chombo chao. Mwaka 1714 Daniel Gabriel Fahrenheit, mzaliwa wa Danzig aliyefanya kazi Uholanzi, alitengeneza kipimajoto cha zebaki cha kuaminika kuliko vilivyotangulia. Mwaka 1742 Anders Celsius wa Uppsala, Sweden, akapendekeza kipimo cha hatua 100 kati ya kuganda na kuchemka kwa maji. Sasa watu wa miji ya mbali waliweza kulinganisha namba zao, na namba zikakubaliana vizuri hata ikaonekana hakuna la kuuliza zaidi: ukijua digrii, umejua joto.

Black aliitilia shaka imani hiyo alipotafakari majaribio ya kuchanganya maji na zebaki. Chukua ujazo sawa wa vyote viwili, maji yakiwa digrii 100 za Fahrenheit na zebaki 150. Kwa mawazo ya zamani mchanganyiko ungetua katikati, 125. Kwa namba alizozitumia Black, ulitua 120. Zebaki imepoteza digrii 30 na maji yamepata 20 tu, ingawa zebaki ni nzito zaidi ya mara 13 kuliko maji. Joto lililotoka huku ndilo lililoingia kule, lakini digrii hazikulingana. Basi digrii ni kitu kimoja, na joto ni kingine.

Fundi wa vyuma anayajua haya kwa ngozi yake. Cheche za grenda huweza kupita digrii 1,000 za Selsiasi, lakini zikimwangukia mkononi zinamchoma kidogo na kuzimika. Kikombe cha chai, ambacho hata 100 hakifiki, kikimmwagikia kitamuunguza vibaya. Halijoto ya cheche ni kubwa, yaani kila chembe yake inatikisika kwa nguvu sana, lakini chembe hizo ni chache. Jumla ya nishati ya chembe zote ndiyo nishati ya joto, na katika kikombe cha chai jumla hiyo ni kubwa mno. Joto ni ile sehemu ya nishati inayohama kutoka chai kwenda kwenye ngozi kwa sababu halijoto zao zinatofautiana. Ndiyo maana pia mvuke wa sufuria ni wa kuogopwa kuliko maji yanayochemka. Gramu moja ya mvuke ikigeuka maji kwenye ngozi hutoa juli kama 2,260 kabla haijashuka hata digrii moja. Gramu ya maji yanayochemka, ikipoa mpaka halijoto ya mwili, haifiki juli 270.

Chuo hichohicho cha Glasgow kilikuwa na fundi wa vyombo, James Watt, aliyepewa kutengeneza kielelezo kibovu cha injini ya mvuke ya Newcomen. Alipopima, alishangaa kuona mvuke kidogo unaweza kuchemsha maji yenye uzito mara sita ya wake. Akamuuliza Black, na Black akamweleza habari ya joto fiche. Mwaka 1765 Watt alibuni kipoza mvuke cha pembeni kilichoifanya injini iache kupoteza moto bure.

Jambo la kusikitisha ni kwamba Black hakuyachapisha haya. Aliyafundisha tu, na mihadhara yake ilitoka kitabuni mwaka 1803, miaka minne baada ya kifo chake. Alikuwa mwangalifu pia kutotangaza joto lenyewe ni nini. Wengine walitangaza. Mwaka 1789 Antoine Lavoisier wa Ufaransa aliliweka joto katika orodha yake ya elementi, akaliita kaloriki: kiowevu kisichoonekana wala kuwa na uzito, kinachotiririka kutoka kitu cha moto kwenda cha baridi. Nadharia hiyo isidharauliwe, maana ilieleza mengi, pamoja na majaribio ya Black mwenyewe.

Walioiangusha, kwa kiasi kikubwa, walitoka nje ya vyuo. Wa kwanza alikuwa mwanajeshi. Benjamin Thompson, mzaliwa wa Massachusetts aliyepewa cheo cha Count Rumford, alisimamia utengenezaji wa mizinga mjini Munich. Aliona kwamba chuma kinapotobolewa kwa kekee huwa cha moto sana. Akatumia kekee butu iliyozungushwa kwa nguvu ya farasi, na mzinga akauzamisha katika sanduku la maji. Baada ya saa mbili na nusu maji yakachemka, bila moto wowote, mbele ya watu walioduwaa. Mwaka 1798 aliuliza: kama joto ni kitu kilichohifadhiwa ndani ya chuma, mbona haliishi kadiri unavyoendelea kusugua?

Wa pili alikuwa daktari wa meli. Julius Robert Mayer, Mjerumani, alifika Java mwaka 1840 na meli ya Kiholanzi. Alipowatoa mabaharia damu kwenye vena, aliikuta nyekundu ya kung'aa, mpaka akahofu amekata ateri. Alifikiri kwamba katika nchi ya joto mwili hauhitaji kuunguza chakula kingi ili kubaki na joto lake, kwa hiyo oksijeni nyingi hubaki katika damu. Kutoka hapo akafika mbali: chakula, joto na kazi ya misuli ni sura za kitu kimoja. Aliyachapisha mwaka 1842, na wachache walimsikiliza.

Aliyemaliza ubishi alitoka katika familia ya watengeneza bia. James Prescott Joule wa Salford, Uingereza, alifunga makasia madogo ndani ya chombo cha maji na kuyazungusha kwa uzito ulioshuka taratibu. Kisha akapima maji yamepata joto kiasi gani, tofauti ndogo sana ya sehemu za digrii. Mwaka 1850 alitoa jibu: ratili 772 zikishuka futi moja hupandisha ratili moja ya maji digrii moja ya Fahrenheit. Hapakuwa na kiowevu chochote kilichoingia majini. Makasia yalikuwa yameyatikisa maji, na mtikisiko huo ulibaki ndani yake kama nishati. Mwaka 1857 mwanafizikia Rudolf Clausius alionyesha kwa hesabu jinsi halijoto ya gesi inavyotokana na mwendo wa molekyuli zake.

Mwaka 1948 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliamua kwamba kiasi cha joto kipimwe kwa juli, kipimo kilekile kinachopima kazi ya farasi, ya injini na ya msuli.