Siku Buzwagi ilipoingia kwenye runinga

Mwaka 1995 wagombea wanne wa urais walikaa pamoja mbele ya kamera jijini Dar es Salaam, wakaulizwa maswali na kujibizana. Walikuwapo Benjamin Mkapa wa CCM, Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi na Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF. Wa nne alikuwa mwana wa Bariadi, iliyokuwa bado mkoani Shinyanga: John Cheyo wa UDP, ambaye watu walimwita Bwana Mapesa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mgombea urais wa chama tawala kukaa na wapinzani wake kwenye televisheni. Chaguzi kuu sita zimepita tangu siku ile, na mara ya pili bado haijafika.

Siku hizi dunia nzima inauliza kama mdahalo wa runinga bado unambadilisha mpiga kura, wakati kila mtu ameshachagua upande wake na hataki kusikia wa upande wa pili. Kwetu kwenye ukanda wa dhahabu, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita, swali hilo lina historia yake. Mjadala uliowahi kuutikisa ukanda huu haukuwa wa wagombea urais hata kidogo.

Tuanze na mwaka ule wa 1995. Televisheni upande wa bara ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. ITV ilianza 1994. Huku Maswa au Bukombe runinga ilikuwa habari ya kusimuliwa na aliyetoka mjini, na aliyetaka kujua ya dunia alifungua redio. Waliobahatika kuutazama mdahalo husimulia mpaka leo kwamba Lipumba, mchumi, ndiye aliyejibu vizuri kuliko wote, na kwamba Mrema, ambaye mitaani watu walikuwa wakilisukuma gari lake kwa mapenzi, alipwaya. Kura zilipohesabiwa Mkapa alipata karibu asilimia 62, Mrema karibu 28. Lipumba, bingwa wa siku ile, aliambulia asilimia 6 na ushei. Cheyo alipata 4, lakini chama chake kikavuna viti vitatu vya ubunge. Waliompenda hawakuhitaji kamera kumjua mtu wa kwao.

Baada ya hapo CCM ikaona haina haja. Mwaka 2010 ilitamka wazi kwamba wagombea wake wasishiriki midahalo. Hesabu yenyewe ni rahisi: anayeongoza mbio akikubali mdahalo anampa mwenzake jukwaa la bure. Hesabu hiyo si ya Tanzania peke yake. Kenya ilifanya mdahalo wake wa kwanza wa urais Februari 2013, wagombea wote wanane wakatokea. Mwaka 2017 Uhuru Kenyatta hakuja, Raila Odinga akasimama peke yake. Mwaka 2022 Raila naye ndiye aliyesusa, William Ruto akabaki akizungumza na meza tupu. Nchini Uganda, Yoweri Museveni aliukwepa mdahalo wa kwanza wa 2016 na kujitokeza kwenye wa pili. Mdahalo Afrika Mashariki ni kama mwaliko wa harusi: ukitaka kujua nani ana uhakika wa ushindi, tazama nani hakuja.

Sasa tuje Kahama.

Februari 2007 Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, alisaini mkataba wa mgodi wa Buzwagi akiwa London. Agosti mwaka huohuo mbunge kijana wa Kigoma Kaskazini, Zitto Kabwe, aliyekuwa hajatimiza miaka 31, alisimama bungeni Dodoma kuomba iundwe Kamati Teule ya kuuchunguza. Kwa nini mkataba wa dhahabu ya Kahama usainiwe Uingereza? Haraka ya nini, wakati serikali ilikuwa imeahidi kuipitia upya mikataba ya madini? Wabunge wengi waliikataa hoja yake, kisha wakamgeukia yeye mwenyewe na kumsimamisha ubunge hadi Januari 2008. Yote haya yalikuwa yakionekana moja kwa moja kwenye televisheni ya taifa.

Nakumbuka mgahawa mmoja wa karibu na stendi ambako runinga ilikuwa imefungiwa kwenye kisanduku cha chuma juu ya mlango wa jikoni. Kwa kawaida ilionyesha taarabu au ngumi. Juma lile mwenye mgahawa aliweka Bunge, na alipotaka kubadilisha, wateja walimzomea. Dereva wa fuso aliacha chai yake ikapoa. Waliokaa pale walikuwa wakiijua Buzwagi kwa macho: iko karibu na mji, na wengine walikuwa na ndugu waliohamishwa mashambani kupisha mradi. Mjadala ulikuwa unahusu shimo wanaloweza kulionyesha kwa kidole. Nadhani hiyo ndiyo siri yote, na nitairudia baadaye.

Mambo yalikwenda haraka. Novemba 2007 Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani kuitazama sekta ya madini, na ndani yake akawaweka Zitto mwenyewe na mzee wetu Cheyo. Februari 2008 ripoti ya kashfa ya umeme ya Richmond ilisomwa bungeni, Waziri Mkuu Edward Lowassa akatangaza kujiuzulu mbele ya kamera, na Karamagi naye akaondoka. Ripoti ya Bomani ilichangia kupatikana kwa Sheria ya Madini ya 2010, na mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 3 hadi 4.

Je, kura zilihama? Oktoba 2010, katika mkoa wa Shinyanga wa zamani, CHADEMA, chama cha Zitto wakati huo, ilichukua majimbo mawili ya Maswa, ikachukua Meatu na Bukombe. Kitaifa Kikwete aliteremka kutoka asilimia 80 za mwaka 2005 hadi takriban 61. Na Shinyanga Mjini? Steven Masele wa CCM alimshinda Philip Shelembi wa CHADEMA kwa kura moja. Moja tu. Nani katika mji ule hakumjua mtu aliyelala mchana na kuamka vituo vimeshafungwa?

Sitaki kuipa runinga sifa isiyo yake. John Shibuda alishinda Maswa Magharibi akiwa ametoka CCM, na alikuwa na watu wake tangu zamani. Mikutano ya hadhara ya CHADEMA ilifika vijiji ambavyo umeme haukufika. Lakini aliyepanda jukwaani Bukombe mwaka ule hakuanza kueleza mkataba ni nini. Bunge lilikuwa limeshamfanyia kazi hiyo.

Mwaka 2015 ulikuja na mtihani mwingine. Taasisi za kiraia ziliandaa midahalo iliyorushwa na televisheni, lakini John Magufuli na Lowassa, aliyekuwa amehamia CHADEMA, hawakuwahi kukaa meza moja. Magufuli alipiga pushapu jukwaani kuonyesha ana afya. Hiyo ndiyo ikawa hoja. Alikuwa mtu wa Chato, ndani ya mkoa mpya wa Geita uliozaliwa 2012, na huku kwetu mtoto wa nyumbani hahitaji mdahalo. Alishinda kwa asilimia 58 dhidi ya 40 za Lowassa. Bukombe ilirudi CCM kupitia Doto Biteko.

Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa, TBC, haitarusha tena Bunge moja kwa moja, kwa maelezo kwamba gharama ni shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Watu wa Kahama walibaki na muhtasari wa usiku, uliokwisha kukatwa na kushonwa. Katikati ya mwaka huo mikutano ya hadhara ya vyama ikapigwa marufuku pia, na haikuruhusiwa tena hadi Januari 2023.

Runinga haikunyamaza, ila ilibadili kazi. Mei na Juni 2017 Profesa Abdulkarim Mruma na Profesa Nehemiah Osoro walisoma Ikulu ripoti zao za makinikia, ule mchanga wa madini uliokuwa ukisafirishwa nje, nchi nzima ikitazama. Hakukuwa na upande wa pili mezani. Wachimbaji waliotazama Geita walishangilia. Wafanyakazi wa Bulyanhulu waliotazama Kahama walishangilia pia, kisha mwaka huohuo mgodi wao ukapunguza kazi na watu wakarudishwa nyumbani.

Haki yake pia nimpe Magufuli. Tarehe 22 Januari 2019 aliwaita wachimbaji wadogo Dar es Salaam, wakasimama mmoja mmoja mbele ya kamera kulalamikia utitiri wa tozo. Matokeo yake ni kwamba kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 ziliondolewa kwao, na Machi mwaka huo soko la dhahabu likafunguliwa Geita. Kwangu mimi mkutano ule unakaribia mdahalo kuliko kampeni zote tulizoziona. Mwenye karasha aliuliza, mwenye nchi akajibu, na jibu likaonekana kwenye mzani.

Uchaguzi wa Oktoba 2025 haukuacha hata nafasi ya kuuliza. CHADEMA haikuwa kwenye karatasi ya kura, mwenyekiti wake Tundu Lissu alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini, na Luhaga Mpina, mbunge wa zamani wa Kisesa aliyepitishwa na ACT-Wazalendo kugombea urais, alikuwa ameenguliwa. Siku ya kupiga kura intaneti ilizimwa. Rais Samia Suluhu Hassan alitangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98.

Wataalamu wa nchi tajiri wamefika mahali pa kukata tamaa. Utafiti wa Caroline Le Pennec na Vincent Pons ulipima midahalo 56 ya televisheni katika nchi kadhaa, wala haukuona ikimsaidia mpiga kura kuamua. Marekani ya 2024 iliwapa cha kusema wanaoiamini midahalo na wasioiamini: mdahalo wa Juni ulimwondoa Joe Biden kwenye mbio, wa Septemba ukamwacha Donald Trump akichekwa, naye akashinda. Lakini Sierra Leone mwaka 2012 watafiti walirekodi midahalo ya wagombea ubunge katika majimbo 14, wakaizungusha vijijini kama sinema za jioni. Waliotazama walimpigia zaidi aliyejibu vizuri, na waliochaguliwa kati ya wale waliojibizana wakatumia fedha nyingi zaidi za maendeleo kwenye majimbo yao.

Mkulima wa Usukuma hatashangaa. Ngoma za Bagalu na Bagika zimeshindana hivyo tangu karne ya 19: pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja, na mshindi ni aliyevuta watazamaji wengi. Mtu anaweza kuwa wa upande wa Bagika, lakini Bagalu wakiingia na chatu, miguu yake humpeleka. Sharti ni pande zote mbili ziwe uwanjani.

Siku hizi kibanda umiza cha Katoro hujaa kwa Simba na Yanga, na siasa huja kwa vipande vya dakika moja kwenye simu, kila mmoja akipokea kipande cha upande wake. Mchimbaji aliyetoka kwenye duara jioni, vumbi la mawe bado kwenye kope, hatakaa saa mbili kumsikiliza mgombea urais akieleza uchumi wa kati. Mwulize habari ya magwangala, yale mawe ya mabaki ya mgodi, ya leseni, ya maji ya mwalo yenye zebaki, na atakaa.

Basi mnaotayarisha uchaguzi wa 2030, msianzie Dar es Salaam. Leteni wagombea udiwani na ubunge Katoro, Runzewe na Kahama, muwaulize habari ya shimo ambalo wapiga kura wanaliona kwa macho, na mrushe yote bila kukata. Skrini ya kibanda umiza ipo, na Jumatano ambayo haina mechi iko wazi.