Wilson, Wabelgiji na Mgogoro wa Tabora

Woodrow Wilson, rais wa 28 wa Marekani, aliiingiza nchi yake katika Vita vya Kwanza vya Dunia Aprili 1917 akishikilia kwamba taifa kubwa lina wajibu wa kulinda amani na haki hata nje ya mipaka yake. Tarehe 8 Januari 1918 aliwasilisha kwa Bunge la Marekani masharti 14 ya amani. Sharti la tano lilihusu makoloni: maslahi ya wanaotawaliwa yawe na uzito sawa na madai ya wanaotaka kuwatawala. Unyamwezi, nchi ya Tabora katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani, ulikuwa ndani ya sharti hilo, ingawa hakuna mtemi, yaani chifu, aliyeulizwa neno.

Huko vita vilikuwa vimeshapita. Reli ya Kati, iliyofika Tabora 1912 na Kigoma 1914, ilifuata kwa sehemu kubwa njia ya zamani ya misafara, na ndiyo iliyogombewa. Wabelgiji wa Jenerali Charles Tombeur, wakitokea Kongo, waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Waingereza wa Jenerali Crewe, waliotokea Mwanza, walikuta mji umekwisha kutwaliwa, wakaifikia reli upande wa mashariki, iliko stesheni ya Igalula. Mizigo ya majeshi yote ilikuwa vichwani mwa wapagazi, na makumi ya maelfu yao walikufa, zaidi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi.

Mwanzoni mwa 1917 Wabelgiji waliwaachia Waingereza Tabora, lakini wakabaki Kigoma, Ujiji, Ruanda na Urundi. Shabaha yao, ajabu, haikuwa kukaa. Walitaka kuitumia ardhi hiyo kama rehani: Uingereza iipate, Ureno ifidiwe kwingine, na Ubelgiji ipewe ukingo wa kusini wa mlango wa mto Kongo, uliokuwa wa Ureno. Tarehe 7 Mei 1919 wakubwa wa mkutano wa amani wa Paris, Wilson akiwemo, waliikabidhi Uingereza Afrika Mashariki ya Kijerumani yote. Wabelgiji wakacharuka. Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji wakaketi faraghani, na tarehe 30 Mei wakaafikiana: Ruanda na Urundi kwa Ubelgiji, kilichobaki kwa Uingereza. George Louis Beer, mshauri wa Wilson kuhusu makoloni, alipinga. Rekodi ya Wabelgiji katika Kongo ilimtosha. Hakusikilizwa. Ureno nayo haikutoa ukingo wake. Hivyo mpaka unaotenganisha Kigoma na Burundi ni zao la biashara iliyokwama, na hilo linastahili zaidi ya mstari mmoja darasani.

Mizani ya Wilson mwenyewe ilikuwa na kasoro. Paris, akiongoza kikao, alilikataa pendekezo la Japani la usawa wa mbari, na Washington serikali yake iliwatenga watumishi weusi maofisini. Seneti ya Marekani nayo iliukataa mkataba wake, na nchi yake haikujiunga na Shirikisho la Mataifa alilolipigania.

Shirikisho hilo lilithibitisha udhamini wa Uingereza juu ya Tanganyika, yaani sehemu yake ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, mwezi Julai 1922. Mwaka huohuo utumwa, uliokuwa bado una mizizi Tabora, ulifutwa kisheria. Faida ya udhamini ilichelewa: mtawala alipaswa kutoa hesabu kwa wengine. Kazi hiyo iliporithiwa na Umoja wa Mataifa, Julius Nyerere, kiongozi wa TANU, chama cha kudai uhuru, aliyesoma Tabora kuanzia 1937, alisimama mbele ya Baraza la Udhamini mjini New York Machi 1955 kudai ratiba ya kujitawala. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora ikaamua kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alichagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, na tarehe 9 Desemba 1961 udhamini ukaisha.

Kasoro za Wilson nazo hazikusahauliwa: Juni 2020 Chuo Kikuu cha Princeton, ambacho Wilson alikiongoza kabla ya urais, kiliondoa jina lake katika shule yake ya masuala ya umma kwa sababu ya ubaguzi wake.